Macho ya mwenye disleksia hayana kosa

Mtoto anaruka mistari, anarudia neno lilelile mara tatu, kidole hakibanduki kwenye ukurasa. Mzazi anamleta kwangu nimpime macho, na mara nyingi huja ameshaamua kwamba dawa ni miwani. Simlaumu. Hata James Hinshelwood wa Glasgow, mmoja wa madaktari wa mwanzo kuandika kuhusu disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno, alikuwa daktari wa macho.

Tangu 1879, Émile Javal alipoandika kutoka Paris, tunajua kwamba macho ya msomaji hayatambai juu ya mstari ingawa ndivyo tunavyohisi. Yanaruka, yanatua, yanaruka tena. Kila kituo huchukua kama robo sekunde. Mruko wenyewe ni milisekunde 20 hadi 40 tu, na wakati huo jicho karibu halioni kitu. Kusoma kote hufanyika kwenye vituo. Hata msomaji hodari hurudi nyuma, kiasi cha mruko mmoja katika kila kumi.

Mwenye disleksia ana vituo vingi zaidi na virefu zaidi, miruko mifupi, na kurudi nyuma kwingi. Hapo hakuna anayebisha. Ubishi ni kipi kinazaa kipi.

Mwaka 1981 George Pavlidis alichapisha katika jarida la Neuropsychologia kwamba watoto hawa macho yao huyumba hata wakifuata taa tu zinazowaka kwa zamu, bila herufi yoyote. Ingekuwa kweli, kazi yangu ingekuwa nyepesi: pima macho, toa mazoezi, kwisha. Maabara nyingine zilirudia jaribio hilo na hazikuyaona aliyoyaona yeye. Kilichoonekana ni kwamba ukimpa mtoto huyo maandishi yanayolingana na uwezo wake, macho yanatulia. Na ukimpa mtu mzima msomi maandishi magumu kupita kiasi, macho yake nayo yanaanza kusitasita na kurudi nyuma.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Italia, kwa sababu Kiitaliano, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Huko walikuta kwamba neno likirefuka, vituo vya mtoto mwenye disleksia vinaongezeka, ilhali akiangalia vitu visivyo maandishi macho yake ni ya kawaida. Sasa fikiria maneno yetu. Mtoto anakutana na “hawakutusubiri”. Anatua mwanzoni, anapata “hawa”, na hilo ni neno kamili, analijua. Anasonga kidogo, anakuta “ku”. Maana ya kwanza imevunjika, inabidi arudi mwanzo. Akifika “tusu” sauti za nyuma zimeshamponyoka, anarudi tena. Aliyezoea kusoma angelimaliza neno hilo kwa kutua mara moja au mbili.

Jicho la mtoto huyu linasubiri sauti ziunganishwe kichwani, ndipo liende mbele. Kumpa mazoezi ya kufuata kalamu kwa macho ni kumfokea kondakta kwa sababu matatu haina mafuta.

Bado nampima, tena kwa makini. Anaweza kuwa na shida ya kuona karibu, au macho yasiyokutana vizuri juu ya kitabu, kama mtoto mwingine yeyote, na hayo yanatibika. Miwani ya rangi, inayouzwa kama dawa ya disleksia, siiandiki. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitamka pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuitetea, na bei yake wazazi wanaijua.

Kuna kitu kimoja cha bure ninachokipendekeza. Utafiti wa 2012 kwa watoto wa Italia na Ufaransa ulionyesha kwamba herufi zikiachanishwa zaidi, wenye disleksia husoma haraka zaidi na kukosea kidogo, maana herufi zikibanana, kila moja huifanya ya jirani iwe ngumu kuitambua. Kama hadithi ya shule iko kwenye kompyuta, panua nafasi kati ya herufi na kati ya mistari, kisha chapisha. Halafu mpeleke mtoto kituo cha EARC (cha kupima mahitaji ya kielimu ya watoto) kilicho karibu, apimwe kusoma kwenyewe.