Mbwa Mdogo Anayetapika Mara kwa Mara: Yanayosemwa Mitaani na Ukweli Wake

Mbwa wa miezi minne anatapika leo, kesho anakula vizuri, keshokutwa anatapika tena. Jirani ana jibu lake, muuza dawa za mifugo ana lake, na mengi ya majibu hayo yanakosea mwanzoni kabisa kwa kudhani kutapika ndio ugonjwa. Kutapika ni dalili. Nyuma yake huenda kuna mnyoo, gunzi la mahindi, kirusi, au ini lenye kasoro tangu kuzaliwa, na kila kimoja kina tiba yake. Kwa maoni yangu, kutapika "bila sababu" mara nyingi ni kutapika ambako hakuna aliyekufuatilia.

"Mbwa hutapika, ndiyo maumbile yao"

Ni kweli mbwa hutapika kwa wepesi kuliko sisi. Aliyefukua jalala, akatapika mara moja kisha akaendelea kucheza, anaweza kuangaliwa nyumbani. Anayetapika kila wiki si wa kundi hilo. Umri huu ni wa kuongezeka uzito. Ukiona mbavu zimejitokeza na ndugu zake wa uzao mmoja wamempita kimo, kuna jambo.

Kuna hali zisizongoja kesho: anatapika hata maji aliyokunywa, matapishi yana damu au yanafanana na masimbi ya kahawa, tumbo limevimba na anajikamua pasipo kutoka kitu, au amelegea hainuki. Mguse ufizi. Ukiwa mkavu na unanata, au ukiubonyeza na rangi ikachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

"Anakula majani ili ajitapishe"

Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa 2008, uliwauliza wenye mbwa zaidi ya elfu moja. Takribani asilimia 8 tu walisema mbwa wao huonekana mgonjwa kabla ya kula majani, na asilimia 22 walisema hutapika baadaye. Wengi hula majani kwa sababu mbwa hula majani. Usiyahesabu kama matibabu.

"Ni minyoo tu, mpe kidonge"

Dhana hii ina nusu ya ukweli, na ndiyo maana inadumu. Mnyoo mviringo uitwao Toxocara canis hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa bado tumboni, kisha tena kwenye maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anayeonekana safi huweza kuwa na minyoo tangu siku aliyozaliwa. Dawa huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mayai ya mnyoo huyo huambukiza watoto wetu pia na huweza kudhuru macho, hivyo kinyesi cha mbwa kisiachwe uani wanakocheza.

Nusu nyingine ya kauli hiyo ndiyo inayopotosha. Kidonge kikishatolewa na kutapika kukaendelea, wengi huongeza kidonge kingine, wiki zinakwenda. Kuna mnyoo mwingine, Spirocerca lupi, anayejulikana sana na madaktari wa mifugo wa Kenya, ambaye haishi utumboni. Mbwa humpata kwa kula mbawakawa wa kwenye mavi ya ng'ombe, au mnyama aliyemla mbawakawa huyo, kama mjusi au kuku. Viluwiluwi husafiri kwenye kuta za mishipa ya damu hadi kwenye umio na kujenga uvimbe humo, chakula kikawa kinarudi. Vidonge vya kawaida vya minyoo ya tumbo havimmalizi. Anayelisha mbwa wake utumbo mbichi wa kuku amweleze daktari jambo hilo bila kuulizwa.

"Chochote kinachotoka mdomoni ni matapishi"

Hapa ndipo mwenye mbwa anaweza kumsaidia daktari kuliko mashine yoyote. Mbwa anayetapika hutoa dalili kwanza: anadondosha mate, analamba midomo, tumbo linajibana kwa nguvu, ndipo kinatoka chakula kilichoanza kusagwa au maji ya njano. Anayecheua hajikamui kwa tabu yoyote. Anafungua kinywa na chakula kinamwagika kama kilivyoingia, mara nyingine kikiwa na umbo la bomba. Chakula hicho hakikufika tumboni. Tatizo liko kwenye umio.

Mtoto aliyekuwa mzima akinyonya, kisha akaanza kucheua mara alipopewa ugali, huenda ana mshipa mkubwa wa moyo uliojipanga vibaya tangu kuzaliwa na kuukaba umio. Wengine wana umio uliolegea na kutanuka, hali inayojulikana kwa mbwa wa aina ya German Shepherd. Dawa za kuzuia kutapika hazimsaidii mbwa wa namna hii. Anayelegea umio hulishwa akiwa amesimamishwa wima, akabaki hivyo kwa dakika kadhaa, na mwenye mshipa uliokaba huhitaji upasuaji mapema. Mrekodi kwa simu. Video moja fupi inamwambia daktari mengi.

"Amechanjwa, hawezi kuwa na parvo"

Kirusi cha parvo cha mbwa kiligunduliwa 1978 na kikazunguka dunia nzima ndani ya muda mfupi. Chanjo yake ni nzuri sana, lakini sindano moja ya wiki 6 haitoshi. Kinga aliyopewa mtoto na mama yake huweza kuizima chanjo, na hakuna anayejua kwa macho siku gani kinga hiyo imeisha. Ndiyo sababu chanjo hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Mbwa wengi hukosa hizo za mwisho, kwa gharama au kwa kusahau.

Parvo huanza kwa unyonge na kukataa chakula, kisha kutapika, kisha kuhara, mara nyingi na damu. Asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Anayewekewa dripu mapema ana nafasi kubwa ya kupona. Kirusi hukaa kwenye udongo kwa miezi, hata zaidi ya mwaka, kwa hiyo usilete mbwa mwingine asiyekamilisha chanjo kwenye banda lilelile. Sakafu ioshwe kwanza, kisha ipakwe jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iachwe dakika 10.

"Mpe maziwa, au kitunguu saumu, au dawa ya maumivu"

Maziwa hayaondoi sumu, na mbwa wengi huharishwa nayo. Kitunguu cha aina yoyote huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Diclofenac na ibuprofen humtoboa tumbo na kuua figo. Hata dawa za binadamu za kuzuia kutapika zina hatari yake, kwa sababu baadhi huusukuma utumbo, na utumbo ulioziba haupaswi kusukumwa. Gunzi la mahindi haliyeyuki: laweza kukaa tumboni wiki nyingi, mbwa akawa anatapika na kupata nafuu kwa zamu, hadi siku linaposhuka na kukwama.

"Akitapika, mnyime chakula siku mbili"

Mtoto wa mbwa, hasa wa umbo dogo, huishiwa sukari mwilini haraka. Huko Onderstepoort, Afrika Kusini, watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wenye parvo waliolishwa mapema kwa mrija walipata nafuu haraka kuliko waliosubirishwa mpaka kutapika kukome.

"Povu mdomoni, huyo ana kichaa"

Povu la njano alfajiri mara nyingi ni nyongo kwenye tumbo tupu, na mlo mdogo usiku huweza kulimaliza. Lakini mbwa asiyechanjwa ambaye hawezi kumeza, taya limening'inia na tabia imebadilika, usimtie mkono kinywani kutafuta mfupa. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji dakika 15, nenda hospitali.

"Vipimo vimetoka safi, basi hana kitu"

Vipimo vya kwanza havijibu kila swali. Tezi zilizo juu ya figo zikishindwa kazi, mbwa hutapika na kudhoofika, anaamka kwa dripu, kisha anarudia. Ugonjwa huo hujulikana kwa kipimo cha homoni na hutibiwa maisha yote. Kasoro ya kuzaliwa inayofanya damu ipite kando ya ini badala ya kupita ndani yake humdumaza mbwa na kumfanya azubae baada ya kula. Na wapo wasiopatana na chakula chao tu. Hawa hupewa nyama ya aina moja ambayo hawajawahi kula, sungura kwa mfano, pamoja na viazi, bila makombo ya mezani. Wengi huonyesha nafuu ndani ya wiki 2. Nyumba nzima ijue, kuanzia watoto hadi mlinzi, kwamba akipewa kipande cha mkate siku ya tisa, hesabu inaanza upya.