Ng'ombe wa ritifaa iliyopinda: majina ya majedwali na alama zake

Mteja wangu mmoja hununua mifugo mnadani Pugu na kuipeleka machinjioni Vingunguti. Nilimtengenezea mfumo wa hesabu: mnyama ameingia lini, ana kilo ngapi, kauzwa kwa nani. Ijumaa moja jioni kijana ninayefanya naye kazi akanipigia simu. "Kaka, jedwali la ng'ombe lipo, naliona hapa kwenye orodha. Lakini nikiliita, kanzidata inasema halipo."

Alikuwa anaona sawasawa. Orodha ilionyesha mbuzi, kondoo, ng’ombe. Akiandika jina hilo kwa kibodi, tena ndani ya alama za kunukuu kama inavyotakiwa, PostgreSQL, kanzidata tunayoitumia, inakataa. Nikamwambia aache kuliangalia jina kwa macho, aangalie baiti zake, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhi badala ya herufi:

SELECT relname, encode(convert_to(relname::text, 'UTF8'), 'hex')
FROM pg_class WHERE relname LIKE 'ng%';

Likaja 6e67e280996f6d6265. Ng'ombe wa kibodi angekuwa 6e67276f6d6265. Tofauti iko katikati. Ile 27 ni ritifaa iliyonyooka, tunayoibonyeza wote. Na e2 80 99 ni ritifaa iliyopinda, ambayo namba yake katika orodha ya Unicode ni U+2019, na ambayo Word huiweka yenyewe unapoandika ng' kwenye waraka. Orodha ya majedwali tulikuwa tumeiandaa kwenye Word, tukaipitisha na mteja, kisha ikanakiliwa kama ilivyo.

Kilichonikera zaidi ni kwamba ritifaa iliyonyooka ingetuokoa. Ukiandika CREATE TABLE ng'ombe bila kulifunga jina, kanzidata husoma "ng", halafu hudhani umefungua maandishi na hungoja uyafunge. Kwenye psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, utaona kiashiria kimegeuka kuwa '> na hakuna kinachoendelea. Unajua papo hapo kuna kasoro. Iliyopinda haina kizuizi hicho. Kwa PostgreSQL, baiti yoyote iliyo nje ya ASCII (herufi na alama za msingi za Kiingereza) inaruhusiwa kuwa sehemu ya jina hata bila kufungwa. MySQL, kanzidata nyingine, nayo inakubali alama za kuanzia U+0080 hadi U+FFFF. Jedwali likaundwa kimya kimya, likapokea data, na ripoti za kwanza zikatoka vizuri kwa sababu nazo zilinakili jina kutoka waraka ule ule. Tatizo lilijitokeza siku mtu alipoliandika kwa vidole.

Naandika haya kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengi. Kiswahili kina ng' kila upande: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'arisha. Majina ya mahali vilevile: Chang'ombe hapa Temeke, Nyang'hwale kule Geita. Anayeipa majedwali yake majina ya Kiswahili, na napenda tufanye hivyo, atakutana na ritifaa mapema sana. Faida nayo ipo: order, group na user ni maneno ambayo SQL, lugha ya kuamrisha kanzidata, imejiwekea katika kanzidata nyingi, ilhali agizo, kundi na mtumiaji yako huru.

Je, jina lenye alama linaweza kutumika? Linaweza. Kanuni ya SQL inataka ulifunge kwa alama mbili za kunukuu: "ng'ombe". MySQL hutumia ile alama ndogo iliyoinama, ambayo kwenye kibodi nyingi iko chini ya Esc, isipokuwa uwe umewasha ANSI_QUOTES. SQL Server ina mabano ya mraba, [ng'ombe]. Kama alama ya kufungia yenyewe imo ndani ya jina, unairudia mara mbili. SQLite hupokea mitindo yote hiyo, na hapo pana hatari ya peke yake: jina la safu ulilolifunga kwa alama mbili za kunukuu lisipopatikana, inaweza kulichukua kama maandishi ya kawaida. Unakosea herufi moja, na badala ya kosa unapata neno lako mwenyewe likijirudia kwenye kila mstari wa jibu.

Lakini kuwezekana si sababu ya kufanya. Ukishaweka alama kwenye jina, kila atakayeligusa baada yako atalazimika kukumbuka kulifunga: mwandishi wa ripoti, hati ya kutoa chelezo (nakala ya akiba) usiku, programu ya simu, mhasibu anayevuta data kwenye Excel. Programu inayojenga amri yenyewe ina mzigo zaidi, kwa sababu jina la jedwali halipitishwi kama kigezo salama jinsi thamani inavyopitishwa. Lazima lifungwe kwa uangalifu kabla halijaingia kwenye amri. Kwa PostgreSQL tumia quote_ident, au format yenye %I. Usiunganishe vipande vya maandishi kwa mkono.

Nafasi tupu naiogopa kuliko ritifaa. Tuseme una jedwali mauzo, na mtu akaunda jingine akaliita "mauzo juni". Siku moja anasahau kufunga:

SELECT sum(kilo) FROM mauzo juni;

Amri hii ni halali kabisa. Kanzidata inasoma jedwali mauzo na kulipa jina la muda, juni. Unaletewa jumla ya miezi yote, bila onyo lolote, na unampelekea mteja ukiamini ni ya Juni. Kistari nacho ni hivyo hivyo kwenye safu: kama kuna bei, kuna punguzo, na kuna "bei-punguzo", basi bei-punguzo bila kufungwa ni hesabu ya kutoa. Kosa linalopiga kelele ni rafiki yako. Haya hayapigi.

Herufi kubwa hazina alama lakini zinaleta usumbufu wa namna hiyo hiyo. Jina lisilofungwa, PostgreSQL hulishusha liwe herufi ndogo, Oracle hulipandisha liwe kubwa. MySQL kwa kawaida haijali ukubwa wa herufi za majedwali kwenye Windows, ila inajali kwenye Linux, kwa hiyo Wateja na wateja huwa kitu kimoja kwenye kompyuta ya ofisini na vitu viwili kwenye seva.

Mimi naandika herufi ndogo, tarakimu na kistari cha chini tu, na naanza na herufi. Kwa ng' naiacha ritifaa: ngombe, ngambo. Najua kuna watakaoumia, na wana haki, maana ng'oa na ngoa ni maneno mawili tofauti. Ndiyo maana tahajia sahihi naihifadhi pale inaposomwa na watu, kwenye maelezo ya jedwali na kwenye vichwa vya skrini:

COMMENT ON TABLE ngombe IS 'Ng''ombe walioingia mnadani';

Na ndani ya data ritifaa ibaki, ila iwe ya aina moja. Tulipochunguza mfumo ule tuligundua wanunuzi wa Chang'ombe walikuwa wanahesabiwa kama wa kata mbili, kwa sababu baadhi waliandikishwa kwa kompyuta na wengine kwa simu zinazopinda ritifaa. Ilitosha kusafisha hivi (8217 ni ile U+2019 kwa namba za kawaida, na 39 ni ile 27), kisha kuweka usafi huo huo kwenye fomu ya kuingizia:

UPDATE wanunuzi SET kata = replace(kata, chr(8217), chr(39));

Kubadili jina la jedwali lenyewe tulifanya usiku wa Jumapili. PostgreSQL inakuruhusu kuitaja alama kwa namba yake, hivyo huhitaji kuinakili popote:

BEGIN;
ALTER TABLE U&"ng\2019ombe" RENAME TO ngombe;
CREATE VIEW U&"ng\2019ombe" AS SELECT * FROM ngombe;
COMMIT;

Yote yako ndani ya muamala mmoja, kwa hiyo hakuna dakika ambayo jina halikuwepo. Ile VIEW ni dirisha tu la kuonea data ya ngombe kwa jina la zamani, nalo hupokea hata data mpya, jambo linalowezekana kwa madirisha sahili tangu toleo la 9.3. Madirisha mengine yaliyotegemea jedwali hili hayakuguswa, kwa kuwa PostgreSQL huyaunganisha kwa namba ya ndani. Funksheni zilizoandikwa kwa PL/pgSQL ilibidi tuzipitie moja moja, maana mwili wake huhifadhiwa kama maandishi.

Tangu hapo, kila Jumatatu kijana wangu anapekua kumbukumbu za seva kutafuta nani bado anapitia jina la zamani. Imebaki ripoti moja ya mizani. Ikihamia, ni mstari huu tu:

DROP VIEW U&"ng\2019ombe";