Breki pedi mpya: zile dakika 20 za kwanza ndo zinaamua kila kitu

Kuna malalamiko nayapata mara kwa mara mpaka nimeamua niyaandikie. Mtu kafunga breki pedi mpya, gari inashika vizuri, wiki mbili tatu baadae anarudi anasema fundi nikikanyaga breki nikiwa kwenye spidi stelingi inatetemeka, diski (lile sahani la chuma linalozunguka na tairi, ambalo pedi zinalibana) imepinda hiyo. Nafungua tairi, naweka geji, diski haijapinda. Mara nyingi sana haijapinda! Shida ni kwamba pedi hazikuzoeshwa, yaani hazikupashwa moto taratibu zikakaa sawa na diski, mtu alitoka gereji akaingia kwenye foleni moja kwa moja na hakuna aliyemwambia kitu, na hapo sisi mafundi ndo wa kulaumiwa kwanza.

Wengi tunajua pedi inasugua diski kama msasa kwenye mbao. Ni kweli ila ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba pedi ikipata moto wa kutosha inaacha utando mwembamba sana wa material yake juu ya diski, na kuanzia hapo breki inashika kwa pedi kugusana na utando uliotoka kwenye pedi yenyewe, zinanatana na kuachiana kila sekunde. Utando ukikaa sawa diski nzima breki inakuwa laini na haina kelele. Ukikaa kwa mabaka, yaani huku mnene huku hakuna, kila baka likipita kwenye pedi unasikia mtikisiko mguuni na kwenye stelingi. Na haihitaji baka kubwa, tofauti ya unene ya kama 0.02 mm, chini ya unywele, kuna magari inatosha kuyatikisa. Alafu sehemu yenye baka inapata moto kuliko wenzake kwahiyo inaokota material zaidi, ndo maana mtikisiko unaanza kidogo alafu kila wiki unazidi.

Kitu cha pili ni ile gundi. Pedi ni mchanganyiko wa unga wa chuma, grafiti, nyuzi na vitu vingine vimeshikwa pamoja na resini, na resini ikipata moto mkali mara ya kwanza inatoa gesi. Ikitoka taratibu hakuna shida, lakini ukishusha mlima mrefu na pedi za jana gesi inaweza kukaa katikati ya pedi na diski, unakanyaga pedali ni ngumu kabisa na gari haisimami. Hiyo ni tofauti na mafuta ya breki yakichemka, yale pedali inazama mpaka chini. Nimekaa kwenye hali hiyo ya kwanza mwenyewe, pedali ngumu kama jiwe na gari inaenda tu, tangu siku hiyo sitoi gari kwa mteja kabla sijaizungusha.

Sasa ninavyofanya. Kabla gari haijasogea napampu pedali mpaka iwe ngumu, maana pistoni za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) tulizisukuma ndani wakati wa kufunga, ukiondoka bila kupampu kanyago la kwanza halina breki kabisa. Kama diski ni mpya naiosha kwanza kwa dawa ya kusafishia breki kwa sababu inakuja na mafuta ya kuzuia kutu na mafuta hayo yakiingia kwenye pedi basi tena. Kama diski ni ya zamani naipitisha msasa nitoe utando wa pedi zilizotoka, hasa kama pedi mpya ni za aina nyingine, sio kila material inakaa vizuri juu ya nyingine.

Alafu natafuta barabara tupu, nyuma hakuna mtu. Naanza na spidi 50, nashika breki kiasi tu, nashuka mpaka kama 10, naachia, napanda tena 50, mara 8 hivi. Kisha naongeza, kutoka 80 mpaka 20 kwa mguu mzito zaidi ila sio mpaka ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) ianze kugonga, mara nyingine 8. Utasikia harufu, pengine na moshi kidogo, usiogope ni resini hiyo. Ukiona pedali inapoteza nguvu acha, usiendelee kulazimisha. Na kama kwenye boksi la pedi kuna karatasi ya maelezo fuata hiyo, mwenye pedi anaijua pedi yake kuliko mimi.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu kazi yote: USISIMAME. Zile zote ni kupunguza mwendo, gari haifiki sifuri. Ukisimama na diski ya moto alafu mguu upo kwenye breki, pedi inajibandika pale ilipo na inaacha alama ya umbo lake, baka lako la kwanza hilo. Ukimaliza endesha kama dakika 10 bila kugusa breki isipokuwa lazima, upepo uipoze diski. Ukifika usivute handibreki kwanza, hasa kama breki za nyuma nazo ni za diski, weka gia au P na uzuie tairi kwa jiwe. Na usimwagie maji kabisa. Baada ya hapo kama kilomita 300 hivi endesha kwa staha, dharura ikitokea kanyaga bila kusita, ila usitafute sababu.

Ikishapoa kabisa chungulia diski kupitia kwenye rimu. Ukiona rangi ya kijivu inayoelekea bluu imesambaa sawa pande zote, imekaa hiyo. Ukiona mabaka, rudia zoezi mapema kabla hayajawa magumu, mara nyingi yanafutika. Yakikaa muda mrefu chuma chenyewe chini ya baka kinabadilika kwa moto kinakuwa kigumu kuliko sehemu nyingine, hapo msasa hausaidii, ni kukereza diski kama unene wa mwisho ulioandikwa kwenye diski yenyewe bado unaruhusu, na kama hauruhusu ni kununua nyingine.