Ile meseji ya dawa za akili iishie kwako

Huku Tanga ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti dawa za ugonjwa wa akili zinamgeuza mtu zezeta na akishazizoea haachi mpaka kaburini, kwa hiyo akitulia tu mnyang'anyeni vidonge. Jamani si kweli, na inaumiza watu.

Dawa kama haloperidol, olanzapine na risperidone zinapunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, ndo maana zile sauti mgonjwa anazosikia peke yake na hofu ya kufuatwa zinapungua. Hazileti uteja. Nafuu kamili huchukua wiki kadhaa, na akikatisha ghafla ugonjwa unaweza kurudi, hapo ndo watu wanasema si unaona, keshakuwa mtumwa wa dawa.

Kinachochanganya ni kwamba madhara yapo kweli. Unamkuta kijana Ngamiani kakaa barazani, mkono unatetemeka mpaka chai inamwagikia kwenye kisosi, mwili umekakamaa, udenda unamtoka, jirani anajua ubongo umekufa kumbe mara nyingi ni dawa tu, daktari anapunguza dozi, anabadilisha au anaongeza benzhexol, dawa ya kutuliza huko kutetemeka na kukakamaa. Olanzapine nayo inanenepesha na inaweza kupandisha sukari, kwa hiyo apimwe.

Ukitaka kuhakikisha soma ile karatasi ya ndani ya boksi, au nenda na boksi lenyewe kwa mfamasia umuulize, usifowadi kwanza. Ila shingo ikipinda ghafla, au akipata homa kali na mwili mgumu, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.