Huyo ni Chatu, Si Anakonda

Juzi kwenye matatu ya Rongai, kijana aliyeketi kando yangu alinisogezea simu nione video: joka limemviringisha swala huko Mara. "Cheki anakonda, mzee!" Nimelisikia neno hilo mara tatu mwezi huu, na sasa nimeshindwa kunyamaza.

Kwa ufupi, anakonda ni majoka ya Amerika Kusini yanayopenda kushinda majini. Letu ni chatu. Wote hawana sumu. Humviringisha mnyama na kumbana mpaka damu yake isizunguke, kisha humeza mzima. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Lakini chatu hutaga mayai, mara nyingi makumi kadhaa, na jike huyaatamia kwa miezi mitatu hivi bila kula. Anakonda huzaa watoto hai. Ukienda kwenye bustani ya nyoka pale Makumbusho ya Taifa, sogea karibu na kioo umtazame chatu mdomoni. Utaona vishimo vidogo vilivyopangana kwenye mdomo wa juu. Kwa vishimo hivyo huhisi joto la mnyama hata gizani. Anakonda hana vishimo hivyo.

Sasa jina lenyewe, maana hapa ndipo pananichekesha. "Anakonda" wala si neno la Amerika Kusini. Mwaka 1693 Mwingereza John Ray aliliandika kama jina la nyoka wa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akisema maana yake ni mvunja viungo vya nyati na maksai. Wengi hulihusisha na neno la Kisinhala, "henakandaya". Sri Lanka haina anakonda hata mmoja porini. Joka kubwa la huko ni chatu! Baadaye Wazungu wakalibeba jina wakalivisha nyoka wa ng'ambo nyingine ya dunia, na huko likaganda.

Kwa hiyo mbishi anaweza kunijibu kwamba kijana wa Rongai yuko sahihi kwa hesabu za 1693. Haya, nakubali. Ila tangu hapo mengi yamebadilika, na sisi neno letu tunalo, fupi, halihitaji kupitia Colombo wala Amazon ndipo lifike Mara.

Kijana wangu, video yako ni kali, nirushie. Ila ukiituma, andika chini yake "chatu".