Ushiriki wa wanawake katika ujenzi wa amani: maana yake ni nini?

Wilayani Handeni, hapa hapa mkoani Tanga, kuna makazi yanaitwa Chogo. Wakazi wake wengi ni Wazigua waliotoka Somalia. Mababu zao walichukuliwa kutoka nchi hii ya Uzigua katika karne ya 19, wakapelekwa utumwani kusini mwa Somalia, na huko, kandokando ya Mto Juba, wajukuu wakaendelea kusema Kizigua. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na koo zikageukiana kwa bunduki, hawa hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwakingia kifua. Walikimbia. Waliofika Tanga walihifadhiwa kwanza Mkuyu, karibu na Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania.

Naanza na Chogo kwa sababu maneno "ushiriki wa wanawake katika ujenzi wa amani" tumezoea kuyasikia kwenye semina, na mtu anaweza kudhani ni habari za mbali. Si za mbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya majirani vimetuletea watu tunaokutana nao gulioni, na akina mama wa watu hao walikuwa na mengi ya kusema kuhusu namna nchi waliyoikimbia ingeweza kutulia. Je, kuna aliyewauliza?

Ujenzi wa amani si sawa na kusimamisha vita. Kusimamisha vita ni kazi ya wenye silaha: wakikubaliana, mapigano yanaweza kukoma kwa siku moja. Ujenzi wa amani ni yote yanayofuata, nayo huchukua miaka. Nani anarudishiwa shamba lake? Aliyebaka anashtakiwa au anasamehewa? Kijana aliyetoka msituni anapokelewaje na majirani aliowachomea nyumba? Sheria mpya inamtaja nani, na shule inafunguliwa lini? Ushiriki wa wanawake, basi, ni wao kuwa na neno katika maamuzi hayo tangu mwanzo, neno ambalo likisemwa, uamuzi unaweza kubadilika. Hapo penye kubadilika ndipo watu wengi wanapopasahau.

Tulitazame Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Sasa fikiria kikao chini ya mwembe katika kijiji kimoja cha Muheza, mjane na shemeji yake wanagombea shamba la michungwa. Katika kikao cha aina ya kwanza, wazee wameshayamaliza jana usiku kwenye kahawa. Wajumbe wanawake wamekaa mkekani pembeni, mwenyekiti anasoma uamuzi, daftari la mahudhurio linazungushwa, kila mmoja anatia sahihi au dole gumba, kikao kinafungwa. Katika kikao cha aina ya pili, kabla lolote halijaamuliwa, mama mmoja mjumbe anauliza: "Tangu marehemu augue, nani alikuwa akipalilia hapa? Na ile miche ya upande wa bondeni, nani aliipanda?" Shemeji anababaika. Baraza zima linanyanyuka kwenda shambani kujionea. Kwenye daftari vikao hivi viwili vinafanana kabisa, wanawake watatu hapa na watatu pale. Ushiriki umo katika cha pili tu.

Turudi Somalia. Mwaka 2000 Wasomali walikutana Arta, nchini Djibouti, kutafuta serikali ya pamoja, na nafasi ziligawanywa kwa koo. Koo kubwa nne zilipata mgao kamili kila moja. Jamii ndogondogo, wakiwemo Wabantu wa Mto Juba, Wazigua wale miongoni mwao, zilifungwa fungu moja na kupewa nusu ya mgao. Mwanamke hakuwa na mlango wa kuingilia: kwa baba yake alionekana mtu wa kuolewa akaondoka, kwa mumewe alionekana mtu wa kuja, na kila ukoo ulitaka nafasi zake zishikwe na wanaume. Ndipo mwanaharakati Asha Haji Elmi na wenzake walipojitangaza kuwa ukoo wa sita, ukoo wa wanawake, baada ya zile koo nne na lile fungu la tano. Kama hesabu ni ya koo, nasi tuhesabiwe. Walipata viti 25 katika bunge la mpito la viti 245. Ni kama kiti kimoja katika kila kumi, lakini katika mgao wa koo hawakuwa na uhakika wa hata kimoja. Mwanamke wa Kizigua aliyekuwa kambini Mkuyu mwaka huo alikuwa nje mara mbili: watu wake walihesabiwa nusu, na ndani ya nusu hiyo yeye ni mwanamke.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Liberia, na una haki ya kutajwa. Mwaka 2003, katika vita vya pili vya nchi hiyo, wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo wakiongozwa na Leymah Gbowee walivaa nguo nyeupe na kuketi siku baada ya siku karibu na soko la samaki la Monrovia, juani na mvuani, mahali ambapo Rais Charles Taylor alikuwa akipita. Aliyewahi kuona akina mama wauza samaki wa Deep Sea hapa Tanga wakiamua jambo lao, ataelewa kwa nini Taylor hatimaye alikubali kuwasikiliza. Mazungumzo yalipohamia Accra, Ghana, baadhi yao wakafuata huko. Wiki zikapita, wakubwa wa vita wakiwa hotelini wanagawana vyeo, huku mabomu yakiendelea kuanguka Monrovia. Mwezi Julai wanawake wale wakaingia hadi kwenye mlango wa ukumbi, wakakaa chini, wakashikana mikono, na kusema hatoki mtu mpaka kieleweke. Walinzi walipokuja kumkamata Gbowee, akaanza kuvua nguo zake hadharani. Kwa msomaji wa pwani sina haja ya kueleza uzito wa mama mtu mzima kutishia jambo hilo mbele ya wanaume wa umri wa wanawe. Ni laana. Mpatanishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, alitoka mwenyewe kuzungumza nao, na mwenendo wa kikao ukabadilika. Taylor aliondoka nchini tarehe 11 Agosti, na makubaliano yakatiwa sahihi tarehe 18.

Walifanya kazi kubwa mno. Hata hivyo, walikuwa mlangoni, na wenye viti ndani walikuwa wale wale walioleta vita. Ninaona wengi wanausimulia mkasa huu kama kilele cha ushiriki, nami nauona kama ushahidi wa kunyimwa ushiriki: mtu hafikii kuvua nguo kama ana kiti na kipaza sauti. Sehemu ninayoiona nzito zaidi ilikuja baadaye, wanawake hao walipozunguka masokoni kuwahimiza wenzao wajiandikishe kupiga kura, na uchaguzi wa mwaka 2005 ukampa Ellen Johnson Sirleaf urais. Vijijini wakafungua vibanda vya amani ambamo akina mama husikiliza ugomvi wa ndoa, wa mipaka na wa madeni kabla haujafika kwenye mapanga. Mwaka 2011 Gbowee na Sirleaf walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Tawakkul Karman wa Yemen.

Msingi wa kisheria wa haya yote kimataifa ni Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 31 Oktoba 2000, lililopitishwa Namibia ikiwa mwenyekiti wa Baraza. Njia ilikuwa imesafishwa na mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Getrude Mongella, na ambao uliweka suala la wanawake na vita miongoni mwa mambo yake makuu. Azimio linadai wanawake washirikishwe, walindwe, wahusishwe katika kuzuia migogoro, na wafikiriwe katika misaada na ujenzi mpya. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua: kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, katika mazungumzo makubwa ya amani kati ya 1992 na 2019, wanawake walikuwa asilimia 13 ya wajumbe, asilimia 6 ya wapatanishi na asilimia 6 ya waliotia sahihi.

Kuna hoja moja inayopendwa sana ambayo siikubali, kwamba wanawake washirikishwe kwa kuwa wana huruma ya uzazi na hawapendi damu. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa masuala ya wanawake wa Rwanda mwaka 1994. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari, na pia kwa ubakaji waliofanyiwa wanawake wenzake. Uzazi haukumzuia. Mwanamke anastahili nafasi kwa sababu ni raia na maamuzi yanamhusu, na kwa sababu anajua mambo ambayo mwenye bunduki hayajui: kisima kipi kimekauka, njia ipi ya kuni ina mabomu, binti yupi amerudi na mtoto na hataki kusema baba ni nani.

Sierra Leone ilionyesha gharama ya kutojua. Katika mpango wa kuwapokonya wapiganaji silaha, kigezo kikuu kilikuwa bunduki: ilete, upate posho na mafunzo ya kazi. Wasichana waliotekwa, wakafanywa wapishi, wapagazi na wake wa makamanda, wengi hawakuwa na bunduki ya kukabidhi, au aliyekuwa nayo alinyang'anywa na kamanda wake kabla ya foleni. Wakarudi kwao mikono mitupu. Mama yeyote wa kijiji angeliona tundu hilo mapema, kama angekuwapo kigezo kilipokuwa kinaandikwa.

Na kuna Burundi, ambayo amani yake ilijadiliwa kwetu. Mazungumzo yalianza Arusha mwaka 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, na alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akayapokea. Pande 19 zilikuwa ndani, yaani vyama vya siasa, serikali na bunge. Wanawake walioomba kuingia waliambiwa hawakuwa upande katika vita, kana kwamba aliyefiwa na watoto hana upande. Baada ya kubisha hodi kwa muda mrefu, wachache waliruhusiwa kama waangalizi, yaani kukaa na kusikiliza. Julai 2000 wakafanya mkutano wao hapo hapo Arusha, kila upande ukiwa na wanawake wawili, Wahutu na Watutsi pamoja, wakatoka na madai ya kauli moja: wahalifu wa kivita waliobaka wanawake waadhibiwe, wasichana wasome sawa na wavulana, mwanamke arithi ardhi, na asilimia 30 ya nafasi za uongozi iwe yao. Mengi yaliingia katika makubaliano ya tarehe 28 Agosti 2000. Asilimia 30 ilikataliwa, ikaja kupatikana katika katiba ya mwaka 2005, bungeni na serikalini.

Ardhi ndiyo iliyoshindikana. Rwanda ilipitisha sheria ya mirathi inayomtambua binti mwaka 1999, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari. Burundi iliendelea kuendesha mirathi kwa mila, na rasimu ya sheria ikakaa miaka mingi bila kupitishwa, hata bunge lilipokuwa na wanawake wengi kuliko wakati wowote uliopita. Maelfu ya familia zilipoanza kurejea kutoka kambi za Kigoma na kukuta mashamba yao yamekaliwa, mwanamume aliyerudi alikuwa na madai ya kupeleka mbele ya wazee. Mjane aliyerudi na watoto wake ilimbidi kwanza awaombe ndugu wa mumewe wamsemee.