Projekta ndogo ya betri: volti zinapopotea njiani

Watu wakiniletea wazo la projekta ya mfukoni, huanza na mwanga: lumeni ngapi, picha itafika upana gani ukutani. Mimi huwauliza kwanza habari za betri. Nimefungua bodi nyingi za majaribio ambazo taa zake zilikuwa nzima kabisa, lakini projekta ikawa inazima ovyo.

Chukua chipu ya DLP2010, yaani chipu ya vioo vidogo sana vinavyorusha mwanga ili kuunda picha. Ni ya Texas Instruments, kampuni ambayo mhandisi wake Larry Hornbeck alibuni teknolojia hii mwaka 1987. Uso wa picha una inchi 0.2 tu kutoka pembe hadi pembe, na juu yake wamepanga vioo 854 kwa 480, yaani 409,920, kila kimoja kikiinama nyuzi 17 upande huu au ule. Vioo havina rangi. LED nyekundu, ya kijani na ya buluu huwaka kwa zamu, upesi mno hata jicho likaona picha moja. Kwa hiyo projekta hainywi umeme kwa mtiririko tulivu; hunywa kwa mafunda.

Nyekundu huridhika na volti 2.2 hivi, kijani na buluu hudai zaidi ya 3. Betri moja ya 18650, ile ya lithiamu yenye umbo la mche, ina volti 4.2 ikijaa na hushuka hadi 3 ikiisha. Saketi ya kuziendesha LED lazima iweze kupandisha na kushusha volti, tena ibadilike kwa kila rangi.

Sasa tatizo lenyewe. Bodi yangu moja ilikuwa inazima huku betri ikisoma volti 3.6. Nikaweka osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, kwenye mlango wa umeme wa bodi, nikaona meno: kila kijani ilipowaka, volti zilidondoka karibu hadi 3, kiwango cha betri iliyoisha. Nikapima ukinzani wa njia nzima. Seli yenyewe, bodi yake ya ulinzi, konekta na waya mwembamba, jumla omu 0.15. Funda la ampea 4 likipita hapo linapoteza volti 0.6. Na kuna ubaya zaidi: LED inataka nguvu ileile, kwa hiyo volti zikishuka, saketi huvuta ampea nyingi zaidi, na volti zinashuka tena.

Wengi hukimbilia kuongeza kapasita, kifaa kinachoweka akiba ndogo ya umeme. Nami nililehemu ya mikrofaradi 470, na meno hayakupungua kwa maana yoyote. Piga hesabu: ampea 2 za ziada kwa milisekunde 2 ni milikulombu 4. Ukitaka volti zisishuke zaidi ya 0.3, unahitaji mikrofaradi zaidi ya 13,000. Hiyo haiingii kwenye kifaa cha mfukoni. Kapasita ndogo za seramiki ziweke, karibu kabisa na chipu, kwa ajili ya kelele za umeme za swichi za kasi zilizo ndani ya saketi. Kwa mafunda haya marefu dawa ni njia nene. Nilifupisha waya, nikaweka konekta kubwa, nikapanua shaba ya bodi. Ukinzani ukashuka hadi omu 0.08, na projekta ikaendelea kuwaka.

Baada ya hapo niliandika programu ndogo: volti zikikaribia ukomo, mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kwenye bodi, inapunguza mkondo wa LED zote tatu kwa uwiano mmoja. Ukipunguza moja peke yake, nyeupe inageuka rangi. (Joto nalo hufanya hivyo, maana nyekundu hufifia kuliko wenzake ikipata moto, kipima joto kikae ubavuni mwake.)

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeanza ni swichi ya kuwasha na kuzima. Vioo huendeshwa kwa volti 18, 10 na hasi 14, nazo zina utaratibu wa kuwashwa na kuzimwa. Kabla umeme haujaondoka, vioo vyote lazima virudishwe kwenye hali ya mapumziko; ukivikatia ghafla mara kwa mara, unaifupishia chipu maisha. Kwa hiyo usiweke swichi inayokata waya wa betri. Weka kitufe kinachotuma ombi kwa mikrokontrola: izime LED, iegeshe vioo, ishushe volti zile tatu kwa zamu yake, ndipo ijikatie umeme yenyewe. Na betri ikichomolewa kwa nguvu, hapo ndipo ile kapasita ya 470 inapopata kazi. LED zikizimwa mara moja, akiba yake inatosha kuvifikisha vioo mahali pake.